Mvua Iliyonyesha Ndani ya Nyumba

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la kinyozi, pamoja na kiti cha nyuma cha gari ambalo hakuna anayekumbuka liliishia wapi. Mimi nachonga funguo kwenye meza iliyo mbele ya benchi hilo, basi nimekuwa Funguo, na hata mke wangu siku hizi ananiita hivyo. Kinyozi anaitwa Kinyozi, na hamwamini mtu yeyote ambaye hajamnyoa. Fundi televisheni wa mlango wa pili tunamwita Antena kwa urefu wake. Akikaa, magoti yanataka kuzungumza na kidevu. Kahawa inaletwa na Bi Chupa, mama mwenye chupa mbili za chai na ulimi usiohitaji kunolewa. Na yule mzee wa pembeni, dereva mstaafu wa gari la maji, ni Mvua. Jina hilo amejipa mwenyewe kwa hadithi moja tu, hadithi ambayo tumeisikia tangu nywele zake ziko nyeusi: kwamba ule wimbo wa ngazi, ule wa miaka ya tisini uliopigwa kila harusi na kila baa, mvua iliyomo ndani ya video yake ameinyesha yeye. Wiki ile mtu aliitafuta video hiyo, akaisafisha, akaiweka kwenye simu za watu. Na asubuhi hiyo Antena alikuja nayo kijiweni, kwenye simu yake yenye kioo kikubwa.

— Isogeze mpaka kwenye ngazi, akasema Kinyozi. Hapo hapo. Simamisha!

Antena akasimamisha. Tukainama wote isipokuwa Mvua. Mwanamke mwenye gauni la njano anashuka ngazi ndefu ndani ya nyumba kubwa. Mwanga ni wa bluu, moshi umetanda miguuni, na mvua inanyesha humo humo ndani. Matone yanashuka polepole kama shanga za uzi uliokatika. Mwanamke naye anashuka polepole, gauni linapepea kana kwamba liko chini ya maji, lakini midomo yake inakwenda sawasawa na wimbo, haichelewi hata kidogo.

— Hiyo nyumba, akasema Kinyozi, ni ya mkubwa fulani. Simtaji. Angalia upana wa ngazi. Nani miaka ile alikuwa na ngazi kama hizo?

— Si nyumba, akasema Mvua bila kugeuka. Ni bohari la magunia. Nimewaambia mpaka nimechoka.

— Bohari lina mapazia?

— Mapazia yaliazimwa. Ukuta ulikuwa umejaa matope na namba za magunia, wakaufunika.

— Na hilo bohari liko wapi, twende tukalione?

— Limebomolewa. Sasa hivi watu wanaegesha magari pale.

Kinyozi akatutazama mmoja mmoja, kama mwanasheria aliyeshinda kesi.

— Mmesikia? Bohari limebomolewa. Bendi imesambaratika. Mpiga picha amehama nchi. Mzee, kila shahidi wako ama amekufa ama amebomolewa.

Bi Chupa akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

— Mwache mzee wa watu. Kwani akidanganya, wewe unapungukiwa nini?

— Napungukiwa! Huyu mtu nimemnyoa bure kila sikukuu kwa heshima ya hiyo mvua. Kama hakuinyesha, basi nimetapeliwa ndevu na kichwa.

Antena akakohoa. Tukajua anataka kutoa ya kitaalamu.

— Tuanze na jambo moja, akasema. Yeye anashuka taratibu, mdomo unakwenda kawaida. Inawezekanaje? Mtu akipunguzwa mwendo, hupunguzwa mwili mzima. Huwezi kumpunguza miguu ukamwacha mdomo.

— Ndiyo maana nasema huyo si mtu, akasema Kinyozi.

— Ni nini?

— Sanamu. Sanamu la dukani, lile la kuvalishwa nguo. Wamelifunga kamba wakalishusha. Mdomo wakaubandika baadaye.

— Kwa gundi gani? nikauliza.

— Funguo, wewe chonga.

Antena akatikisa kichwa.

— Si sanamu. Ni watu wawili. Pacha. Mmoja ameshuka, mwingine kaimba, halafu wakaunganishwa shingoni. Ukitazama vizuri mkufu, unaona pale wanapokutana.

— Nyinyi wanaume, akasema Bi Chupa, mtu kashuka ngazi tu mshamkata kichwa.

Mvua akashindwa kuvumilia. Aligeuka nusu, macho yakiwa barabarani, mbali na kioo.

— Hamna pacha. Wimbo ulipigwa mbio. Waliweka ile kanda kwenye mashine, wakaizungusha haraka, ukawa unalia kama panya kwenye debe. Akaimbishwa mdomo kwa mwendo huo huo, mbio mbio, na akashuka ngazi mbio mbio, karibu anakimbia. Halafu picha ikapunguzwa. Ikipungua, mdomo unarudi kwenye wimbo wa kawaida, na mwili unabaki unaelea. Ndivyo walivyofanya. Mnadhani ni kompyuta? Kompyuta ya wapi! Ilikuwa akili na vitu vya kuazima.

Nikaona Antena anapiga hesabu kichwani, na hesabu inakubali, na haipendi.

— Na kamera? akauliza. Inateleza bila kutikisika. Reli wangetoa wapi?

— Kiti cha wagonjwa, kile cha magurudumu. Mpiga picha kakaa, amekumbatia kamera, mpiga ngoma wa bendi anamsukuma. Sakafu walipaka mafuta ya kupikia chini ya moshi. Na moshi wenyewe ni nyasi mbichi kwenye karai. Bluu ni mifuko ya nailoni kwenye taa. Ilikuwa inayeyuka, inanuka vibaya mno.

— Na mvua?

— Mvua ni mimi.

— Mvua ya maji ya bomba?

— Maji matupu hayaonekani kwenye kamera. Yanapita kama hayapo. Tulichanganya maziwa.

Hapo Kinyozi alisimama kabisa, mkasi mkononi.

— Maziwa! Jamani, mzee anatufunga kamba mchana kweupe. Nani miaka ile alikuwa na maziwa ya kumwagia watu ngazini?

— Maziwa ya unga. Yalikuwa yameharibika, kiongozi wa bendi aliyapata kwa rafiki yake wa stoo. Na yule dada alinuka maziwa siku nzima, akawa anafukuza nzi kati ya picha na picha.

Lilikuwa jambo geni. La nzi hatukuwahi kulisikia. Lakini Kinyozi ni mtu ambaye ukimpa ushahidi anakushuku zaidi, maana asiye na hatia, kwake yeye, hana haja ya ushahidi.

— Haya, akasema, akikaa karibu naye sasa. Nijibu hili moja. Kama ulikuwepo, kwa nini hutaki kuitazama? Tangu Antena ameleta simu, umegeuza shingo kama mtu anayechungulia basi. Mtu aliyefanya kazi yake huitazama kazi yake.

— Macho yangu hayapendi hivyo vioo.

— Juzi ulikuwa unatazama mpira kwenye kioo hicho hicho.

— Mpira ni mpira.

— Hapana, mzee. Unaogopa. Unaogopa tutaona kitu ambacho hukukijua, na wewe utashindwa kukieleza.

Antena, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa ameanza kumwamini, akarudi upande wa Kinyozi. Ndiyo tabia ya benchi letu: mtu hakai upande mmoja mpaka kahawa ipoe.

— Na tena yule mwanamke siyo mwimbaji, akasema. Tazameni koo. Anayeimba noti ile ya juu, mshipa husimama. Wake umelala. Sauti ni ya mtu mwingine.

— Nilijua! Kinyozi akapiga goti. Na mwimbaji wa kweli yuko wapi? Kwa nini bendi ilikufa baada ya video hii tu? Kwa nini hawakurekodi tena? Kuna kitu kilitokea ndani ya hiyo nyumba. Mwimbaji alikataa, wakamweka mwingine, wakamfunga mdomo. Na huyu mzee analijua, au halijui kabisa na hakuwepo. Moja kati ya hayo.

— Mwimbaji alikuwa mjamzito, akasema Mvua kwa sauti ya uchovu. Tumbo lilikuwa limefika hapa. Hakutaka kupigwa picha, na wakati huo hakuelewana na kiongozi wa bendi kuhusu safari. Basi. Huyu dada alikuwa muuzaji wa duka la nguo. Alileta gauni walilokodi. Walilijaribisha kwa wasichana watatu, halikumkaa yeyote. Likamkaa yeye. Wakamwambia panda ngazi.

— Jina lake?

Mvua akageukia tena barabara.

— Silijui.

— Ahaa!

— Sikuitwa kujua majina. Niliitwa kuleta maji.

— Siku nzima na mwanamke mzuri kama huyu, na jina hulijui. Wewe, mzee, ambaye unajua jina la mbwa wa kila nyumba mtaani hapa.

Hata mimi, nakiri, nilianza kumtazama vingine. Ilikuwa kweli. Mvua hawezi kukaa na mtu kwenye foleni ya maji bila kumjua mpaka shangazi yake.

Basi Kinyozi akajiegemeza ukutani, akaachia lililokuwa moyoni.

— Sasa nitawaambia kitu. Nimemwekea mtego.

— Mtego gani tena?

— Chini ya hiyo video watu wanaandika maneno. Mimi nami nikaandika. Nikasema: mzee aliyenyesha mvua hii anakaa kwenye benchi la duka langu kila siku, na mtaa nikautaja. Kama ni muongo, aliyekuwepo kweli atajitokeza kumkana. Kama ni mkweli, hana cha kuogopa.

Mvua aligeuka mzima mzima. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alimtazama mtu usoni.

— Umeandika mtaa?

— Na jina la duka. Ni tangazo vilevile.

— Lini?

— Tangu juzi.

— Wewe mtu huna akili.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeambiwa nyumba yake iliachwa wazi. Akaweka kikombe chini, akaanza kutafuta fimbo yake, na hapo Bi Chupa akamkamata mkono.

— Kaa. Unakimbia nini?

Mvua akashusha sauti. Yale maji, akatuambia, hayakuwa yake. Gari lilikuwa la kampuni ya ujenzi, na siku ile lilitakiwa kwenda kumwagilia barabara mpya. Yeye alilipitisha boharini. Alisema alikuwa na pancha. Barabara ikakaa na vumbi lake, na mwenye kampuni hajui mpaka leo. Kampuni bado ipo. Na mtoto wa pili wa Mvua sasa ndiye anaendesha gari la maji la kampuni hiyo hiyo, kazi aliyopewa kwa barua ya sifa ya baba yake: kwamba alikuwa dereva mwaminifu.

— Huku benchini nilijua nasema na nyinyi, akasema. Nani angewasikiliza nyinyi?

Hatukuwa tumemaliza kulitafuna hilo, mwanamke mmoja akasimama kwenye ukingo wa barabara, anasoma kibao cha Kinyozi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa viatu vya kazi vya kufunika vidole, na ameubana mkoba wa kahawia kifuani, ule mkoba bapa wa watu wa ofisi. Akasoma kibao, akatazama simu yake, akasoma kibao tena.

— Huyo ni wa kampuni, akanong'ona Antena.

— Au wa haki za muziki, akasema Kinyozi. Wanapita kila duka linalopiga nyimbo. Zima hiyo simu!

Antena akaikalia.

— Shikamooni, akasema yule mwanamke.

Tukaitikia, kila mtu kwa wakati wake, kama kwaya isiyo na mwalimu.

— Samahani kuwakatiza. Namtafuta mzee mmoja. Yule aliyenyesha mvua kwenye video ya ngazi. Nimeambiwa anakaa hapa.

Wallahi, miaka yote hiyo Mvua alikuwa akisubiri mtu aje aseme maneno hayo. Aliyasikia, akakuna goti.

— Video gani hiyo, binti yangu?

— Ya zamani. Mwanamke anashuka ngazi, mvua ndani ya nyumba.

— Mimi mambo ya video siyajui. Mimi mtu wa magari.

Sijawahi kumwona Kinyozi akiwa hivyo. Alifungua mdomo, na nilijua kinachomwasha: muongo wake amekana, kesi imekwisha, ameshinda. Lakini ushindi ulikuwa umekaa vibaya usoni pake. Mzee alikuwa anamtazama yeye Kinyozi, si mgeni.

— Wapo wazee wengi hapa, akasema Kinyozi. Sisi hatumjui huyo. Yaliyoandikwa kwenye simu usiyaamini, dada, watu wanaandika tu.

— Lakini aliyeandika ametaja duka hili.

— Mpumbavu mmoja, akasema Kinyozi.

— Na wewe ni nani, mwenzetu? akauliza Antena, amejinyoosha mpaka kivuli chake kikamfunika mgeni. Kampuni au muziki?

Yule mwanamke akatutazama. Nadhani alishaelewa kwamba amekuta watu waliojifungia mlango, ila hakujua kwa nini. Akashusha mkoba.

Bi Chupa ndiye aliyetufaa. Alifuta kikombe kwa kitambaa, akamimina, akampa mgeni kabla hajaombwa.

— Kunywa kwanza, mwanangu. Hawa wana woga wao. Wewe una shida gani?

— Yule mwanamke wa kwenye ngazi, akasema, ni mama yangu.

Kiti cha gari kikalia chini ya Antena.

Mgeni alikunywa kidogo, akaeleza akiwa amesimama. Mama yake alikuwa muuzaji wa duka la nguo. Alifariki kwa homa ya mapafu yeye akiwa anatambaa. Baba alihama akaoa mbali. Alilelewa na mama mkubwa, ambaye naye alishatangulia. Picha za mama zilikuwa mbili, zote ameketi, zote amenyamaza. Kwamba mama yake aliwahi kuwa kwenye video, alisikia utotoni kama mtu anavyosikia kwamba babu yake alikuwa na farasi. Hakuwahi kuiona. Yeye ni fundi wa kukarabati lifti, na siku moja yuko kwenye paa la jengo, mwenzake kazini anafungua simu wakati wa kupumzika, na mama yake anashuka ngazi.

— Nilimjua kwa magoti, akasema. Magoti yangu.

Jioni yake akamwonyesha mwanawe. Mtoto akatazama, akasema, bibi anaimba vizuri. Yeye akamwambia ukweli, kwamba mama mkubwa aliwahi kusema sauti ile si ya bibi, ni ya mwimbaji wa bendi. Mtoto akatazama tena, akauliza sauti ya bibi ni ipi.

— Nikakosa la kumwambia. Ndiyo maana nimekuja. Sitaki kitu kingine, sina kesi na mtu. Yeyote aliyekuwepo siku ile, aniambie hilo tu. Mama yangu alikuwa na sauti gani?

Benchi letu lina majibu ya kila kitu. Tumewahi kujibu kwa nini bahari ni ya chumvi na nani alimwekea sumu kocha wa timu ya mtaa. Antena alitazama vidole vyake. Kinyozi akafungua mkasi, akaufunga. Tukageuka sote, polepole, kumtazama Mvua.

Mzee alivua kofia.

— Kaa hapa, akasema, akamsogezea nafasi. Mimi ndiye. Nisamehe nilivyokujibu, kuna neno la mwanangu humo ndani, nitakueleza. Mimi ndiye niliyeleta maji.

Mgeni akakaa. Mkoba ukateleza chini, hakuuokota.

— Alikuwa na sauti gani, baba?

— Sikuisikia.

Alisema hivyo hivyo, bila kuzungusha maneno.

— Gari lilikuwa nje, ubavuni mwa ukuta. Paa la bohari lilikuwa limeezuliwa upande mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya tangi, na mpira wa maji nimeupitisha juu ya ukuta, nawamwagia kutoka huko. Pampu ilikuwa inanguruma chini ya miguu yangu, na ndani wimbo unapigwa ule wa mbio, kwa spika kubwa. Namwona mama yako kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Kusikia, hapana. Kila picha ikiisha, alikuwa anainua uso kwangu anasema kitu. Kila mara. Mimi nampungia mkono.

— Alikuwa amekasirika?

— Anacheka. Maji yalikuwa ya baridi sana, na alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa ananitukana kwa maji yale. Sijui. Nimekaa miaka yote hii nampa maneno mimi mwenyewe, leo hili, kesho lile. Hakuna nililolisikia.

Yule mwanamke alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anasikiliza kama wanavyosikiliza watu wa mitambo, kichwa kimeinama upande.

— Na baadaye? Mlipomaliza?

Mvua akaizungusha kofia mikononi.

— Walipomaliza wakakimbilia kamera, wanaikausha. Yeye hakuna aliyemkumbuka. Alitoka nje na lile gauni limemganda, anatetemeka meno, anatafuta jua, na jua lilikuwa limeshapita upande wa pili. Mimi nilishaingia ndani ya gari, nataka kuondoka, nimechelewa barabarani. Akaja mbele ya gari, akaweka viganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Akaona raha, akalaza mikono yote mpaka kwenye kiwiko, na shavu akaliweka juu ya mikono. Gauni likaanza kutoa mvuke. Basi sikuondoka. Niliiacha injini inawaka, nikakanyaga mafuta kidogo kidogo ili boneti isipoe. Nimekaa hapo mpaka akapata nguvu. Alinitazama kupitia kioo cha mbele, akasema neno.

— Neno gani?

— Kioo kilikuwa kimefungwa, mwanangu. Na injini nimeikanyaga mimi. Nilikuwa kijana, niliona haya. Ningeshusha kioo tu, basi. Ni kushusha kioo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwahi kugeuza shingo kutazama simu ya Antena. Sikumwambia mtu.

Gari la kubeba kokoto likapita, likatuachia vumbi. Bi Chupa akageukia chupa zake, akawa anafunga kifuniko kilichokwisha kufungwa.

— Ulisema alilaza na shavu? akauliza mgeni.

— Na shavu. Hili la kushoto.

— Nami nalalia la kushoto, akasema. Halafu akauliza: Hiyo sehemu iko mbali?

— Pale wanapoegesha magari, nyuma ya kiwanda cha vigae. Hakuna cha kuona. Ni lami.

— Gari lilisimama upande gani?

— Upande wa mtaro. Mtaro bado upo.

— Nionyeshe.

Mvua akatafuta fimbo. Antena alikuwa ameshaishika, akampa. Walipokwisha kusimama, Kinyozi akatoka dukani na ufunguo. Kulikuwa na mteja ndani, aliyemsahau muda wote wa mabishano, povu kidevuni, shuka shingoni.

— Mzee, akasema Kinyozi. Lile neno nililoandika nimelifuta. La mtaa. Na la duka.

— Vizuri.

— Naweza kuja?

Mvua alimpa mgeni mkono wa kulia avuke naye barabara, na Kinyozi akawafuata nyuma kwa hatua chache, mikono mgongoni. Mteja akatoa kichwa mlangoni, povu limeanza kumkauka, akaniuliza kinyozi ameenda wapi.

Nikamwambia ameenda kutazama mahali gari lilipokuwa limesimama. Akaniuliza gari gani. Nikamkaribisha kwenye benchi, Bi Chupa akammiminia kahawa, na tukakaa tunawatazama wale watatu mpaka walipokata kona ya kiwanda: mzee amenyoosha fimbo mbele, anampimia binti umbali hewani, na binti ameinua uso kutazama juu, kule lilikokuwa paa.